Kipande cha Mbingu Katika Tundu la Darubini

Wakulima wa zamani walizijua vizuri nyota za Kilimia. Walizitazamia ili wajue wakati wa kushika jembe. Ni kundi dogo: ukinyosha mkono wako mbele ya uso, kidole gumba chaweza kulifunika lote. Mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita, pengine saba. Mwaka wa 1610 Galileo Galilei, mwalimu wa hesabu huko Padova katika Italia, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Sidereus Nuncius, na ndani yake alichora Kilimia chenye nyota 36. Watu walishangaa. Lakini kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa kitabu kile hawakulifikiri: Galileo hakuweza kukiona Kilimia chote kwa mara moja katika darubini yake. Alikiona kipande kwa kipande, akisogeza bomba lake huku na huku, kama mtu atazamaye sherehe ya jirani kwa tundu la ufunguo.

Habari za darubini hupenda kusifu nguvu ya kukuza: hii hukuza mara 20, ile mara 100. Sisi leo twataka kusimulia habari ya jambo jingine lisilosifiwa sana, nalo ni ukubwa wa kipande kile kinachoonekana kwa mara moja. Tutakiita upana wa mwono. Kwa ajili ya upana huo watu wamehangaika miaka 400, na wengine wameumaliza ujana wao.

Kwanza tupate kipimo. Upana wa mwono haupimwi kwa mita, kwa maana katika mbingu hakuna wa kuifunga kamba. Hupimwa kwa digrii, kama pembe. Mzunguko mzima ni digrii 360. Nyosha tena mkono: kidole kidogo cha mwisho hufunika digrii 1 hivi, kidole gumba digrii 2, na ngumi nzima digrii 10. Mtu mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo vilevile, kwa hiyo kipimo hiki chamfaa mtoto na mtu mzima. Kila digrii imegawanywa sehemu 60 ziitwazo dakika; tusizichanganye na dakika za saa. Na mwezi mpevu, ambao machoni petu huonekana mkubwa kama sinia, ni nusu ya digrii tu, yaani dakika 30 na kidogo. Asiyesadiki na aunyoshee kidole chake kidogo utakapotoka.

Tundu la Galileo

Darubini ya Galileo iliyokuza mara 20 hivi ilionyesha dakika 15 tu, nusu ya upana wa mwezi. Alipouchora mwezi na milima yake ilimpasa kuutembeza ndani ya bomba. Tena fikirini ile miezi minne ya Mshtarii, ndiyo nyota waitayo Jupiter, aliyoigundua Januari 1610. Mwezi ulio mbali kuliko mingine hufika dakika 10 hivi kutoka Mshtarii. Ukiiweka Mshtarii katikati ya tundu la dakika 15, wabaki na dakika saba na nusu kila upande, na mwezi ule uko nje. Wakubwa wengine waliotazama wakasema hawakuona kitu, tusiwacheke upesi. Kushika bomba la namna ile, kuitafuta nyota moja katika tundu dogo, na mkono unatetemeka, si kazi ya dakika mbili. Mapadre Wayezuiti wa Chuo cha Roma, pamoja na mzee wao Christopher Clavius, nao walisitasita mwanzoni, lakini walipopata vioo vizuri walitazama, wakaona, wakakiri.

Galileo mwenyewe alijua kwamba kuona hakutoshi, lazima kupima. Katika kitabu kile kile alieleza njia yake: lenzi ya mbele ifunikwe kwa kibati chembamba chenye tundu, mara kubwa, mara dogo, ili mtazamaji ajue kila tundu huonyesha dakika ngapi za mbingu. Njia hiyo yafaa kwa darubini ya namna yake kwa sababu ndani yake lenzi ya jicho ina shimo katikati, hutawanya mwanga badala ya kuukusanya, na mpaka wa mwono huwekwa na lenzi ya mbele. Jicho huwa kama limesimama mbali na dirisha. Dirisha likipunguzwa, shamba linaloonekana nje nalo hupungua.

Dawa ilipatikana upesi, bila vita. Mwaka wa 1611 Johannes Kepler alitoa kitabu chake Dioptrice, na humo alieleza kwamba lenzi ya jicho yaweza kuwa ya tumbo, kama ile ya mbele. Mwanga hukutana ndani ya bomba, hufanya taswira kamili, kisha lenzi ya pili huikuza taswira ile. Kepler aliandika tu. Padre Christoph Scheiner, Myezuiti aliyechunguza madoa ya jua, ndiye mmoja wa wa kwanza kuzitumia darubini za namna hiyo. Zina kasoro moja: kila kitu huonekana kichwa chini. Lakini mwono ni mpana zaidi, na mtazamaji wa nyota hajali kama nyota imesimama au imelala. Tena, kwa kuwa taswira imekaa ndani ya bomba, waweza kutia uzi mwembamba mahali pale pale, ukaona uzi na nyota pamoja, ukapima. Tangu hapo darubini ikawa chombo cha vipimo.

Kwa darubini ya Kepler hesabu ni nyepesi. Lenzi ya jicho ina upana wake yenyewe, tuseme digrii 50. Gawanya kwa nguvu ya kukuza. Darubini ya macho mawili ikuzayo mara 7 itaonyesha digrii 7 hivi. Bomba kubwa likuzalo mara 100 litaonyesha nusu digrii, mwezi mmoja basi. Mnaona sasa: kila ukitaka kukuza zaidi, walipa kwa upana. Hakuna fundi aliyekwepa deni hilo. Mafundi walichoweza ni kuiboresha lenzi ya jicho yenyewe, na walifanya hivyo kwa miaka 300, kutoka Huygens wa Uholanzi hata leo.

Na asiyejua lenzi yake ina digrii ngapi, mbingu itampimia. Mbingu huonekana kuzunguka digrii 15 kila saa. Kwa hiyo nyota iliyo juu ya mstari wa kati wa mbingu hupita dakika 1 ya pembe kila sekunde 4. Sisi tukaao karibu na ikweta tumebahatika, maana mstari ule hupita karibu na utosi wetu, na nyota tatu zilizojipanga sawasawa, ambazo Wazungu huziita mshipi wa Orion, ziko karibu juu yake. Iweke mojawapo ukingoni mwa tundu, usiiguse darubini tena, hesabu sekunde hata nyota itoke ukingo wa pili, nayo ipite katikati. Gawanya kwa 4. Ukipata sekunde 60, una dakika 15, na darubini yako ina tundu la Galileo.

Kioo cha picha badala ya jicho

Sasa twaingia katika habari za picha, na hapa hesabu hubadilika kidogo. Kamera haina lenzi ya jicho. Ina lenzi ya mbele, na nyuma yake filimu, au siku hizi kipande kidogo kinachopokea mwanga kwa umeme. Kati yao kuna umbali ambao taswira ya vitu vya mbali hukaa wazi. Mafundi huuita urefu wa fokasi. Mambo mawili tu huamua upana wa mwono: upana wa filimu, na urefu huo wa fokasi. Filimu ikiwa pana, waona zaidi. Fokasi ikiwa ndefu, waona kidogo lakini kikubwa. Gawanya upana wa filimu kwa urefu wa fokasi, zidisha kwa 57.3, wapata digrii.

Tuchukue mfano. Kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1925, ilikuwa na filimu ya milimita 36 kwa 24. Ukitia lenzi ya milimita 200: 36 gawanya kwa 200, mara 57.3, ni digrii 10 na kidogo. Ngumi moja. Kwa lenzi fupi hesabu hii hudanganya, maana pembe kubwa hazitii kanuni ile. Kwa lenzi ya milimita 50 itakupa digrii 41, na kweli yake ni 39.6. Afadhali uchore: mstari wa milimita 50 kwenda mbele, mstari wa 18 kando yake (nusu ya filimu), unganisha ncha, pima pembe, kisha izidishe kwa mbili. Mtoto wa shule mwenye kipimapembe aweza. Na simu ya mfukoni yenye lenzi ndogo kama punje huonyesha uwanja mzima wa parokia kwa sababu hiyo hiyo: fokasi yake ni milimita chache tu, na kipande cha nyuma nacho si kipana kupita milimita chache. Udogo si kitu. Uwiano ndio kitu.

Ramani ya mbingu nzima

Mwaka wa 1882 nyota kubwa yenye mkia ilitokea, ikaonekana hata mchana. Huko Rasi ya Tumaini Jema, kusini ya Afrika yetu, mtaalamu David Gill aliazima kamera ya mpiga picha wa mji wa jirani, akaifunga juu ya darubini yake ili ifuate mwendo wa nyota. Picha zilipotoka, mkia ulionekana vizuri, lakini kilichomshtua ni nyota nyingi zilizojaza kioo nyuma yake. Kazi ya kupima nyota moja moja kwa jicho, usiku hata usiku, ingeweza kufanywa na kioo cha picha kwa muda mfupi. Huko Paris ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walikuwa wakitengeneza darubini ya picha hasa. Basi Admirali Mouchez, mkuu wa nyumba ya nyota ya Paris, aliita mkutano Aprili 1887, wakaja wataalamu zaidi ya 50 kutoka nchi nyingi. Wakakata shauri kupiga picha mbingu yote.

Sikilizeni jinsi walivyohesabu. Walitaka dakika 1 ya mbingu iwe milimita 1 juu ya kioo, ili kupima kuwe rahisi. Fokasi iwe ndefu namna gani? Zidisha 57.3 kwa 60: wapata 3,438. Ndiyo maana darubini zote za kazi ile zilikuwa na fokasi ya mita 3.43, na lenzi ya sentimita 33. Lenzi ya namna ile haikuweza kuonyesha nyota safi mbali sana na katikati ya kioo. Pembeni nyota hunyooka mikia. Basi wakachukua kama digrii 2 kwa 2 kila picha, yaani upana wa kidole gumba kila upande. Mbingu nzima ina digrii za mraba karibu 41,253. Kila kioo kina 4. Gawanya: vioo 10,313. Nao walitaka kila mahali papigwe mara mbili, pembe ya kioo kimoja ikae juu ya katikati ya kingine, ili kosa la kimoja lisahihishwe na mwenzake. Basi ni zaidi ya 20,600, na kwa kuwa mbingu ni mviringo na mraba hazikai sawasawa juu ya mviringo, hesabu ilifika karibu 22,000. Na hizo ni za orodha ya nyota peke yake. Kwa ramani ya nyota hafifu walitaka vioo vingine vya hesabu hiyo hiyo, kila kimoja kwa kungoja karibu saa moja au zaidi.

Twathubutu kusema kwamba wale mabwana wa Paris hawakuifikiri vizuri hesabu hii. Kupiga picha ni kazi ya usiku. Kupima vioo ni kazi ya miaka.

Mbingu ikagawanywa kama shamba, kila nyumba ya nyota ukanda wake. Afrika ilikuwa na nyumba mbili: Rasi ya Tumaini Jema, na Alger, ambayo ilipewa ukanda wa katikati, toka digrii 2 kusini ya mstari hata 4 kaskazini. Ndio ukanda unaopita juu ya vichwa vyetu. Vatikano nayo iliingia. Padre Francesco Denza, Mbarnaba, alimwomba Papa Leo XIII, na mwaka wa 1891 Papa aliianzisha upya nyumba ya nyota ya Vatikano. Darubini ya picha iliwekwa katika mnara wa kale ndani ya bustani. Ukanda wake ulikuwa digrii 55 hata 64 za kaskazini.

Vioo vikapigwa. Lakini nani atavipima? Padre Johann Hagen, Myezuiti, alipokuwa mkuu wa nyumba ile tangu 1906, alitafuta watu wenye macho mazuri, subira, na moyo wa kurudia jambo lile lile bila kuchoka. Akawapata Masista wa shirika la Maria Bambina. Masista wanne, Emilia Ponzoni, Regina Colombo, Concetta Finardi na Luigia Panceri, walifanya kazi hiyo tangu 1910 hata 1921. Juu ya kila kioo palikuwa na mistari myembamba, milimita 5 kati ya mmoja na mwingine. Sista mmoja alitazama katika hadubini, akasoma nyota iko wapi kati ya mistari na ukubwa wake ni gani, mwenzake aliandika. Walipima nyota 481,215. Tukihesabu siku 300 za kazi kila mwaka, ni zaidi ya nyota 140 kila siku kwa miaka 11, na katikati yake vita kuu ya Ulaya. Majina yao yalisahauliwa karibu miaka 100. Padre Sabino Maffeo, akipanga makaratasi ya nyumba ya nyota, ndiye aliyeyakuta, na mwaka wa 2016 yakatangazwa.

Kwingine kazi ilikwama. Nyumba kadhaa za Amerika ya Kusini hazikuweza, ukanda wao ukachukuliwa na wengine. Orodha ya mwisho ilichapwa mwaka wa 1964, miaka 77 baada ya mkutano wa Paris, nayo ina nyota kama milioni 4 na nusu. Ramani ya nyota hafifu haikukamilika kamwe. Mwaka wa 1970 wataalamu walifunga kazi hiyo rasmi. Wengi walisema ni kazi bure.

Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuonyesha njia nyingine. Bernhard Schmidt, mzaliwa wa kisiwa cha Naissaar katika Estonia, alikuwa fundi wa vioo mwenye mkono mmoja. Wa kuume aliupoteza ujanani akichezea baruti. Mwaka wa 1930 huko Hamburg alitengeneza darubini yenye kioo cha mviringo kama bakuli. Bakuli la namna hiyo halina katikati wala pembeni, huona pande zote sawasawa, ila taswira yake ina ukungu. Schmidt aliuondoa ukungu kwa kuweka mbele kioo chembamba alichokisugua kwa ustadi usio na kifani. Filimu ilipaswa kupindwa kidogo, lakini mwono ulifika karibu digrii 15. Alifariki mwaka wa 1935. Darubini kubwa ya namna yake juu ya mlima Palomar, Marekani, ilipiga mbingu tangu 1949 hata 1958, kila kioo digrii 6.6 kwa upande. Zidisha 6.6 kwa 6.6, ni 43 na nusu hivi: mara kumi na zaidi ya kile kioo cha Paris. Vatikano nayo ilipata moja huko Castel Gandolfo mwaka wa 1957.

Je, macho ya wale Masista yaliharibika bure? Mwaka wa 1989 chombo Hipparcos kilirushwa angani, kikapima nyota hata 1993. Kilijua kila nyota iko wapi kwa siku zile, lakini miaka mitatu na nusu ni mifupi mno kuonyesha vizuri mwendo wa nyota nyingi. Ni kama kutazama kobe kwa dakika moja. Palihitajika kipimo cha zamani. Basi wataalamu wakarudi kwenye vile vitabu vya vumbi, wakaingiza hesabu zote katika kompyuta, na mwaka wa 2000 ikatoka orodha iitwayo Tycho-2 yenye mwendo wa nyota milioni 2 na nusu. Nyota iliyopimwa Vatikano na kupimwa tena angani baada ya miaka mingi imeonyesha njia yake.

Siku hizi huko Chile, juu ya mlima Cerro Pachón, iko darubini yenye jina la Vera Rubin. Kioo chake ni mita 8.4, na picha zake za kwanza zilionyeshwa Juni 2025. Kwa picha moja huchukua digrii za mraba 9.6, mahali pa kutosha miezi mipevu zaidi ya 40, na kwa siku chache huzunguka mbingu yote ionekanayo kutoka pale. Kilimia huingia humo chote, na nafasi hubaki pande zote.